Beri za kaskazini, bakteria na swali la "UTI sugu"

Katika nyumba za mashambani huko Uswidi na Ufini kuna desturi ya zamani ambayo mtu aliyezoea kuona embe likioza siku ya tatu ataipokea kwa shaka. Ifikapo Septemba watu huingia msituni kuchuma puolukka, beri nyekundu, chachu, ndogo kuliko zabibu. Wakirudi huziosha, huzitia kwenye mtungi wa kioo, humimina maji yaliyochemshwa na kupozwa, kisha huufunika na kuuweka mtungi mahali pa baridi. Basi. Hawatii sukari wala chumvi, na matunda yenyewe hayapikwi. Theluji inaanguka, miezi inapita, na beri zile bado ni nzima, zinachotwa na kuliwa na uji.

Misitu hiyo ina nyingine nyingi. Kuna mustikka, ya buluu iliyokolea hadi kuwa nyeusi, inayopaka ulimi rangi. Kuna hilla, ya rangi ya chungwa, inayoota kwenye vinamasi. Kuna na karpalo, ndugu wa kranberi ya Marekani ambayo wasomaji wengi wa hapa mmekutana nayo ikiwa ndani ya vidonge. Majina haya ya Kifini nimeyaacha kama yalivyo. Yote yanaishia kwa irabu na yanakaa vizuri mdomoni mwetu. Wataalamu wa mimea huweka puolukka, mustikka na karpalo katika jenasi moja, Vaccinium, na jamaa yao mmoja, Vaccinium stanleyi, anaota kwetu, juu kwenye milima ya Rwenzori na Virunga.

Naandika kuhusu beri za mbali kwa sababu ya swali tunaloulizwa na wanawake wengi, hasa wale walioambiwa wana "UTI sugu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) yasiyokwisha. Wameona kwenye simu tangazo la dondoo la kranberi linalodai kuua bakteria wote na kusafisha sumu mwilini, wakaona bei yake, wakataka kujua kama ni kweli. Swali ni la haki na linastahili jibu lililonyooka. Lakini jibu hilo halieleweki bila kutenganisha mambo matatu ambayo tangazo huyachanganya, yaani kinachotokea ndani ya mtungi, kinachotokea kwenye sahani ya maabara, na kinachotokea ndani ya mwili wa mtu.

Tuanze na mtungi. Puolukka haiozi kwa sababu ina asidi ya benzoiki kwa wingi. Hilla nayo inayo. Asidi hii si ngeni kwako. Jina lake linatokana na maneno ya Kiarabu "luban jawi", yaani ubani wa Jawa, utomvu wa kufukiza ambamo asidi hiyo ilipatikana kwanza; neno letu "ubani" lina asili hiyohiyo. Chumvi yake, sodiamu benzoeti, huandikwa E211 kwenye vibandiko vya soda, juisi na tomato sosi nyingi madukani. Viwanda vinafanya kwa makusudi jambo ambalo beri ilikuwa ikilifanya yenyewe.

Namna inavyofanya kazi ni hivi. Kwenye uchachu mkali, pH ya karibu 3 (pH ni kipimo cha uchachu; ikiwa ndogo, uchachu ni mkali zaidi), molekuli za asidi ya benzoiki hubaki bila chaji ya umeme, na kwa hiyo hupenya utando wa seli ya hamira, kuvu au bakteria bila kizuizi. Zikishafika ndani, ambako hakuna uchachu, huachia hidrojeni zake na kuichachusha seli kutoka tumboni mwake. Seli hutumia nguvu zake zote kuutoa uchachu huo na haibakiwi na kitu cha kukulia. Sasa mtu akila puolukka, asidi ileile huingia kwenye damu yenye pH ya 7.4, ambako karibu yote hupata chaji na kupoteza uwezo wa kupenya. Ini nalo huidaka, huigeuza kuwa asidi ya hipuriki, na figo huitoa kwa mkojo. Mlinzi hodari wa mtungi hafiki vitani.

Sahani ya maabara ina mitego yake. Dondoo ni kile kinachopatikana mmea unapolowekwa kwenye maji, spiriti au kiyeyusho kingine, ukachujwa, na kiyeyusho kikaondolewa. Tunapaka bakteria juu ya agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria, tunaweka vijikaratasi vya duara vilivyolowa dondoo, na kesho yake tunapima uwazi uliojitokeza kuzunguka kila kijikaratasi, pale bakteria waliposhindwa kuota. Ni kipimo kizuri cha kuanzia. Shida yake ya kwanza kwa beri ni kwamba beri ni chachu, na uchachu peke yake unatosha kuzuia bakteria wengi. Hata siki ingetoa uwazi. Mtafiti asiyesawazisha pH kabla ya kupima hajui kama amepima mmea au amepima uchachu, na mimi nikisoma ripoti isiyolisema jambo hili huwa siendelei na ukurasa wa pili.

Watafiti wa taasisi ya utafiti ya VTT iliyoko Espoo, Ufini, walilifanyia kazi suala hili kwa uangalifu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Walitenganisha polifenoli, kundi la kemikali za mimea, za beri mbalimbali na kuzijaribu kwa bakteria wa aina nyingi. Hilla na rasiberi ndizo zilizoongoza, na Salmonella na Staphylococcus walikuwa miongoni mwa waliodhoofika zaidi, ilhali jamii ya Lactobacillus, wale wa maziwa mgando, hawakuguswa sana. Siri ya hilla na rasiberi iko kwenye tanini, zile kemikali zenye ukakasi, hasa tanini kubwa ziitwazo elajitanini. Ukuta wa nje wa Salmonella umeshikiliwa na madini ya magnesiamu na kalsiamu kama matofali yanavyoshikwa na saruji, na tanini hizo zina tabia ya kung'ang'ania madini hayo. Saruji ikitolewa, ukuta unalegea.

Hapo ndipo tangazo linaporukia neno "inaua bakteria", na hapo ndipo inafaa kupiga hesabu. Bakteria E. coli asiye sugu huzuiwa na antibiotiki ya ciprofloxacini kwa mikrogramu 0.25 au pungufu katika mililita moja. Dondoo ghafi la mmea kwa kawaida huhitaji kama miligramu 1 kwa mililita, mara nyingi zaidi ya hapo. Hiyo ni mara 4,000. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Ili damu yake ifikie kiwango hicho, gramu 5 za dondoo zingetakiwa kuwa ndani ya mishipa yake kwa wakati mmoja. Na polifenoli za beri hupita ukuta wa utumbo kwa kiasi kidogo sana, nyingine huvunjwavunjwa na bakteria wa utumboni kabla ya kufika popote. Kwa hiyo matokeo ya sahani yana faida kubwa kwa anayetaka kuhifadhi nyama au jibini, au kutengeneza mafuta ya kupaka, mahali ambapo dondoo linagusana moja kwa moja na bakteria. Kwa ugonjwa ulio ndani ya mwili hayatoshi.

Je, kranberi basi ni uongo mtupu? Hapana, na hii ndiyo sehemu ya habari hii ninayoipenda zaidi, kwa sababu beri hii inasaidia kwa njia ambayo haina haja ya kuua.

E. coli anayesababisha UTI hutoka utumboni, akaingia kwenye njia ya mkojo. Mkojo ungemsomba atoke, ila ana vinyweleo vyenye ncha za kunata ambavyo hushika ukuta wa kibofu na wa njia zinazopanda kwenda kwenye figo. Asiponata, anakojolewa. Kranberi ina tanini ziitwazo proanthosianidini za aina A, ambazo vipande vyake vimeunganishwa kwa kifungo kimoja zaidi kuliko vile vya aina B vilivyojaa kwenye chai, zabibu na kakao. Katika majaribio ya maabara, aina A ndiyo iliyozuia vinyweleo hivyo kunata. Aina B haikufanya hivyo.

Mwaka 2001 madaktari wa Oulu, kaskazini mwa Ufini, walichapisha katika jarida la BMJ jaribio lao kwa wanawake 150 waliokuwa wametoka kuugua UTI ya E. coli. Theluthi moja walikunywa kila siku mililita 50 za juisi ya kranberi iliyochanganywa na puolukka kwa miezi 6, theluthi walipewa kinywaji cha Lactobacillus, na waliobaki hawakupewa kitu. Baada ya miezi 6, UTI ilikuwa imewarudia asilimia 16 ya waliokunywa juisi, 39 ya wale wa Lactobacillus, na 36 ya wasiopewa kitu. Lilikuwa jaribio dogo, tena lilikatishwa mapema kwa sababu mtengenezaji aliacha kuitoa juisi ile. Lakini halikubaki peke yake. Mwaka 2023 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, ulikusanya majaribio 50 yenye watu 8,857 na kukuta kwamba bidhaa za kranberi hupunguza uwezekano wa UTI kwa takriban asilimia 26 kwa wanawake wanaorudiwa mara kwa mara, na kwa zaidi ya nusu kwa watoto. Kwa wazee wanaoishi kwenye vituo vya kutunzia wazee, na kwa wajawazito, faida haikuonekana.

Soma tena neno "kupunguza uwezekano". Majaribio hayo yalihusu kuzuia. Bakteria akishanata, akazaliana, na mkojo ukaanza kuchoma, hakuna ushahidi thabiti kwamba kranberi itamtoa. Hapo kinachohitajika ni kipimo, na mara nyingi dawa.

Lile dai la pili, la "kuondoa sumu", linasimama juu ya neno antioksidanti. Chuma kinaposhika kutu, tufaha linapogeuka kahawia baada ya kukatwa, ni oksijeni inafanya kazi yake. Mwilini pia kuna mabaki ya oksijeni yenye hasira yanayoharibu mafuta, protini na vinasaba vya seli, na antioksidanti ni kitu chochote kinachoyatuliza. Beri za kaskazini zina hizo kwa wingi, hasa anthosiani, rangi inayofanya mustikka iwe nyeusi hadi kwenye nyama yake, tofauti na bluberi ya shambani ambayo ndani ni nyeupe. Mustikka za kaskazini kabisa mwa Ufini zina anthosiani nyingi kuliko za kusini, na jua la kiangazi lisilotua ni sehemu ya sababu zinazotajwa. Zambarau letu na choya navyo vimejaa anthosiani.

Kipimo cha maabara ni cha kuvutia macho: kemikali iitwayo DPPH ina rangi ya zambarau, ukidondosha mkamuo wa beri, rangi inafifia na kuwa njano. Lakini njano ile haikuambii kitakachotokea mwilini. Wizara ya kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya vyakula iliyovipanga kwa nguvu ya antioksidanti, na mwaka 2012 iliiondoa, kwa sababu namba zake zilikuwa zikitumiwa vibaya kuuzia bidhaa. Na Wafini haohao wenye beri zao walitupa somo zito zaidi. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya jaribio la wanaume 29,133 wavutaji sigara, ambapo baadhi yao walipewa vidonge vya beta-karotini, antioksidanti inayosifika. Waliotumia vidonge hivyo walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Sisemi haya kumtisha mtu asile karoti wala zambarau. Tunda huja na nyuzinyuzi, maji, vitamini na kiasi ambacho tumbo lenyewe hukiwekea mpaka. Kidonge kilichokolezwa ni jambo jingine, na hakipaswi kuuzwa kwa sifa za tunda.

Majani nayo yanauzwa, hasa ya mmea wa kaskazini uitwao Arctostaphylos uva-ursi. Yana arbutini, ambayo mwilini huzaa hidrokwinoni, kemikali inayoweza kudhuru. Mamlaka ya dawa ya Ulaya huyaruhusu kama dawa ya asili kwa wanawake watu wazima tu, na yasizidi wiki moja. Muuzaji anayekuambia unywe chai yake miezi mitatu anakuweka hatarini.

Ukiamua kutumia kranberi kujikinga, angalia kibandiko kama kimetaja kiasi cha proanthosianidini. Mwaka 2004 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ufaransa ilikubali kiwango cha miligramu 36 kwa siku. Chupa isiyotaja chochote zaidi ya picha ya beri haikuambii unanunua nini. Juisi za dukani nyingi zimejazwa sukari kuficha ukali wake, na mwenye kisukari azingatie hilo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kama wengi waliowekewa vali za moyo, amwone daktari wake kwanza, kwani kuna taarifa za damu kuwa nyepesi kupita kiasi.

Na kuhusu hiyo "UTI sugu": kitabibu, UTI inayojirudia ni ile iliyompata mtu mara mbili ndani ya miezi 6, au mara tatu ndani ya mwaka, ikathibitishwa. Wengi wanaotufikia na jina hilo hawajawahi kuoteshwa mkojo hata mara moja. Wamepewa dawa hii, kisha ile, nyingine wamejinunulia wenyewe na kuziacha siku ya pili, na huenda tatizo lao tangu mwanzo lilikuwa fangasi, ugonjwa wa zinaa au kisukari ambacho hakijagunduliwa. Omba kipimo cha kuotesha mkojo, chenye majibu ya bakteria gani yupo na dawa gani inamuweza. Ukiwa na homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni au mgongoni, damu kwenye mkojo, au kama una mimba, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukifika, mtajie mhudumu kila dawa na kila kidonge cha mimea ulichomeza wiki hiyo, hata kile ulichonunua mtandaoni.