Fokasi laini siyo picha iliyokosa fokasi

Kila msimu wa harusi hapa Dar lazima utamsikia mpiga picha akimtuliza mteja: "Haijakosewa hiyo, dada, ni sofuti fokasi." Ukiiangalia picha yenyewe, shanga za begani kwenye gauni zimeshika vizuri kabisa, macho ya bibi harusi ndiyo hayajashika. Hapo fokasi imekosewa tu.

Fokasi laini, ndiyo hiyo sofuti fokasi, inatokana na lenzi iliyoachiwa kasoro kwa makusudi: miale inayopita pembeni mwa kioo inakutana karibu zaidi na lenzi kuliko ile inayopita katikati. Kwa hiyo filamu inapokea picha mbili kwa mpigo, moja kali, nyingine ikitanda juu yake kama mng'ao. Picha iliyokosa fokasi haina ile kali. Pinkham & Smith wa Boston na Wollensak kwa lenzi yao ya Verito, wote watengeneza lenzi wa Marekani, walijenga jina kwa fokasi laini hiyohiyo: kope zinaonekana, ila weupe wa paji la uso unamwagikia kidogo kwenye nywele.

Kwa kuwa kasoro iko pembeni, kiasi chake unakipanga kwa apacha, yaani tundu la lenzi linalopitisha mwanga. Kwenye f/4, tundu likiwa pana, mng'ao ni mwingi. Ukifunga kuelekea f/8 na f/11 unapotea. Dallmeyer, mtengeneza lenzi wa London, mwaka 1866 alipita njia nyingine, lenzi ambayo ukilegeza kioo cha nyuma ulaini unaongezeka.

Sasa lile linaloniudhi zaidi: kuambiwa kwamba soksi nyembamba ya kike ikivutwa chini ya lenzi ya mashine ya kukuzia picha, matokeo ni yaleyale. Si kweli hata kidogo. Kwenye kamera kinachotawanyika ni mwanga wa mhusika, kwa hiyo weupe unaingia kwenye vivuli. Kwenye mashine ya kukuzia unatumia negativu, ambayo weusi na weupe vimegeuzwa, na mwanga mwingi unapita pale penye vivuli. Ukiutawanya, weusi ndio unaoingia kwenye weupe. Uso unapata masizi badala ya nuru. Weka picha mbili hizo pamoja mezani, utazitofautisha bila kuambiwa.

Mwenye kamera ya filamu ya inchi 4 kwa 5 anaweza kujaribu bila gharama kubwa. Kioo cha miwani ya kusomea cha nguvu ya +4, ambacho Kariakoo hukikosi, kina urefu wa fokasi wa sentimita 25. Kikiwa na upana wa sentimita 5 umepata f/5, yaani 25 gawanya kwa 5. Upande uliobonyea uelekee kwa mhusika, mbele yake weka kadi nyeusi yenye tundu. Tundu la sentimita 3 linakupa takriban f/8. Fokasi uitafute tundu likiwa tayari mahali pake, maana ukilibadilisha fokasi nayo inahama. Na weka filta ya njano, kwa sababu kioo kimoja hakikutanishi rangi zote mahali pamoja, na filamu inauona ubuluu kuliko macho yako.

Kwa hiyo, ndugu mpiga picha, kope zisipoonekana mwambie mteja fokasi haikushika, umpigie tena. Kama ngozi umeilainisha kwenye kompyuta, sema umeilainisha. Wateja wengi wanapenda hivyo, na lenzi haihusiki.