Injini ya Charlie Taylor, fundi wa duka la baiskeli

Wilbur na Orville Wright wanajulikana dunia nzima. Mtu aliyeichonga injini ya ndege yao ya 1903 hajulikani sana, hata kwa sisi tunaoshinda gereji. Anaitwa Charlie Taylor, mzaliwa wa Cerro Gordo, Illinois, mwaka 1868. Juni 1901 akina Wright walimwajiri kwa dola 18 kwa wiki katika duka lao la baiskeli mjini Dayton, Ohio, atengeneze baiskeli na kuangalia duka wao wanapokwenda pwani kujaribu ndege zisizo na injini.

Mwisho wa 1902 walitaka kuongeza injini. Hesabu zao zilidai nguvu za farasi 8 au zaidi, na uzito usiozidi kilo 82 hivi. Waliandikia watengenezaji kadhaa wa injini, wakakosa inayowafaa, wakaamua kujitengenezea. Kazi ikaangukia kwa Taylor. Uzoefu wake wa injini za petroli ulikuwa mmoja tu: mwaka 1901 alijaribu kurekebisha injini ya gari. Lakini lethi, mashine ya kukereza chuma, aliijua, na hilo ndilo lililotakiwa.

Vifaa vikubwa vya duka vilikuwa viwili: lethi na mashine ya kutobolea, vyote vikiendeshwa kwa mikanda kutoka injini ya gesi waliyoitengeneza wenyewe. Michoro rasmi haikuwepo. Walizungumzia kipande, mmoja akakichora kwenye karatasi yoyote iliyo karibu, na Taylor akaitundika juu ya meza yake ya kazi. Baada ya wiki 6 injini ilikuwa imekamilika.

Sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini ni krankishafti, au kranki, ile shafti inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko. Leo tunanunua iliyofuliwa kwa nyundo za kiwandani. Taylor alianza na bamba la chuma lenye urefu wa sentimita 79, upana wa 15 na unene wa 4. Alichora umbo la kranki juu ya bamba, akatoboa matundu yaliyosogeana kufuata mstari wote, kisha akaving'oa vipande vya ziada kwa nyundo na tindo. Ndipo akalifunga bamba kwenye lethi na kukereza shingo zake, sehemu za duara zinazozunguka, moja baada ya nyingine hadi vipimo vikakaa. Kranki ilipokamilika ilikuwa na kilo 8.6. Piga hesabu ya lile bamba utaona kwamba zaidi ya robo tatu ya chuma iliishia sakafuni.

Mbona iliwezekana kutumia bamba bapa? Ni kwa sababu injini ilikuwa na silinda 4 zilizopangwa mstari mmoja. Pistoni ya kwanza na ya nne huenda pamoja, ya pili na ya tatu huenda kinyume chake, kwa hiyo viwiko vyote vya kranki, pale inaposhikana na pistoni, hulala kwenye bapa moja. Kwa silinda 3 au 6, viwiko vikitengana kwa digrii 120, njia hii isingefanya kazi kabisa.

Kizimba cha injini, yaani kasha linaloibeba kranki, kilisubiwa hapo hapo Dayton kwa alumini yenye shaba asilimia 8 hivi. Wakati huo kutumia alumini kwa kazi nzito namna hiyo kulihitaji moyo. Silinda zilikuwa za chuma cha kusubu, zimefungwa kwa hesi ndani ya kizimba, na kila moja ilikuwa na kipenyo cha sentimita 10 na mwendo wa pistoni kiasi hicho hicho. Jumla ni lita 3.3. Bodaboda ya cc 150 leo inatoa nguvu zinazokaribia zile.

Sasa angalia visivyokuwemo: kabureta ya kuchanganya petroli na hewa, pampu ya mafuta, plagi, wala aksileta. Petroli ilishuka yenyewe kutoka kitangi cha lita 1.4 kilichofungwa juu kwenye nguzo ya bawa, ikadondokea kwenye chumba kifupi kando ya silinda. Hapo joto la injini liliigeuza mvuke, ikachanganyika na hewa na kuvutwa ndani. Valvu za kuingiza zilifunguliwa na mvuto wa pistoni tu. Za kutoa moshi ndizo zilizoendeshwa na kemushafti, shafti yenye vinundu vya kusukuma valvu. Cheche ilitokea pale ncha mbili za chuma ndani ya silinda zilipoachana, umeme ukitoka kwenye magneto, jenereta ndogo iliyozungushwa na flaiwili, gurudumu zito la injini. Kuwasha walitumia koili na betri 4 kavu, ambazo zilibaki chini ndege ikipaa.

Njia hii ina kasoro yake. Injini ikiwa baridi ilitoa karibu nguvu za farasi 16. Ndani ya dakika moja zilishuka hadi 12 hivi. Kizimba kikipata moto, hewa inayoingia hupanuka, na mchanganyiko unaoingia silinda hupungua. Kwao haikuwa hasara, maana walikuwa wamepiga hesabu ya 8.

Injini ilinguruma mara ya kwanza tarehe 12 Februari 1903. Siku iliyofuata ikavunjika. Petroli ilidondokea kwenye beringi ikaosha oili, beringi zikakwama, na kizimba kikapasuka. Fundi yeyote aliyewahi kukuta petroli imeingia kwenye oili anaijua hiyo. Kizimba kipya kilifika tarehe 20 Aprili.

Huko Kitty Hawk, pwani walikojaribia ndege, mwezi Novemba, injini ilikuwa ikikosa moto na kushtuka, na mishtuko hiyo ikaharibu shafti za pangaboi, zilizokuwa za bomba. Zikarudishwa Dayton kwa Taylor. Zilipofika tena, gia za cheni zikawa zinalegea kila mara, wakazikaza kwa gundi ya kubandikia tairi za baiskeli. Ikashika! Kisha shafti moja ikapata ufa, na Orville akarudi nyumbani kutengeneza nyingine za chuma cha springi, zisizo na tundu.

Tarehe 17 Desemba ndege iliruka mara 4. Safari ya mwisho ilichukua sekunde 59 na mita 260. Taylor hakuwepo, alikuwa dukani Dayton. Baadaye siku hiyo upepo uliipindua ndege na kizimba kikapasuka tena. Kranki yake nayo ilipelekwa kwenye maonyesho New York mwaka 1906 na haikurudi. Injini iliyoko makumbusho leo imewekewa kranki ya injini nyingine.

Mwaka 1911 Taylor alifuatana na rubani Cal Rodgers kama fundi wake katika safari ya kwanza ya ndege kuvuka Marekani, kwa dola 10 kwa siku. Baadaye akiba yake ilipotea kwenye biashara ya ardhi California. Miaka ya 1930 alikuwa kibarua wa kiwanda cha ndege Los Angeles kwa senti 37 kwa saa, na wenzake hawakujua ni nani, hadi watu wa Henry Ford, yule wa magari, walipomtafuta mwaka 1937 asaidie kulirejesha duka la akina Wright katika hali yake ya zamani. Wosia wa Orville ulimwachia dola 800 kwa mwaka. Alifariki Januari 1956 akiwa na miaka 87. Leo mamlaka ya anga ya Marekani hutoa tuzo yenye jina lake kwa mafundi wa ndege, na sharti lake ni miaka 50 ya kazi.