Nyambizi ya rimoti: mambo tunayodanganyana hapa Dar

Kila nikiitoa nyambizi yangu kwenye begi lazima mtu aseme "bro hiyo si unaijaza mawe tu inazama". Kuzama hata tofali linazama, kazi ni kurudi juu. Nyambizi inatakiwa isiwe nzito wala nyepesi, uzito wake ukaribiane sana na uzito wa maji inayoyasukuma pembeni, afu tangi dogo la ndani ndo linaamua, likivuta maji inashuka, likiyatema inapanda. Yangu inachukua nafasi ya lita 4 hivi na tangi lake ni mililita 200, yani glasi moja ya maji ndo tofauti ya kuelea na kuzama. Mizani naipanga kwa chubwi, zile risasi wavuvi wanafunga kwenye mshipi, nanunua kule soko la samaki Feri, nazibandika chini kabisa tumboni na vipande vya boya vinakaa juu. Ukivigeuza inalala tumbo juu kama samaki aliyekufa.

La pili ndo linaliza wengi: "kama rimoti inarusha droni kilomita nzima, itashindwaje mita moja ya maji?" Itashindwa bana. Rimoti za siku hizi karibu zote zinatumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, na maji, hata yawe safi vipi, yanaimeza hiyo ndani ya sentimita chache tu, haijalishi umenunua ya laki ngapi. Ndo maana watu wa nyambizi bado wanang'ang'ania zile za zamani zenye antena ndefu, megahezi 27, 40 au 75, hizo kwenye maji baridi, yani yasiyo na chumvi, zinafika mita kadhaa chini.

Nimesema maji baridi makusudi. Nilipopata rimoti ya megahezi 40 nikaziba risiva (kile kinachopokea signali), betri na sevo moja (kimota kinachogeuza usukani) kwenye chupa ya plastiki, nikafunga jiwe, nikaishusha kwa kamba kwenye simtanki la nyumbani huku dogo anachezea rimoti. Chupa ilipofika kiwiko chini ya maji sevo ikaanza kutetemeka kama ina homa, ilipofika urefu wa mkono ikagoma kabisa. Nikajua risiva mbovu, nikabadilisha, ikagoma, nikabadilisha tena. Wiki mbili hizo! Mama mdogo akapita akauliza kwani unahangaika na nini mwanangu, nikamweleza, akasema tu "hayo ni ya kisima, hata chai hayapikiki". Alikuwa analalamikia chai yake lakini jibu lilikuwa hapo. Chumvi inafanya maji yapitishe umeme, na maji yanayopitisha umeme yanakula mawimbi ya redio. Chupa ileile kwenye pipa la maji ya bomba ya Dawasa, sevo ikacheza mpaka chini. Sasa kama kisima cha uswahilini kinafanya hivyo, bahari ndo usiseme, hata nyambizi za kivita inabidi zitumiwe ujumbe kwa frikwensi ya chini mno, kilohezi 3 mpaka 30, nayo inapenya mita za juu tu.

Kuna wa "silikoni, jaza silikoni kila mahali, presha ya maji itaiponda". Presha ya bwawa la mita moja na nusu ni ndogo mno, tairi la gari dogo lenye psi 30 ni sawa na kuwa mita 20 chini. Kwa hiyo bomba la plastiki linatosha kabisa kubeba mota na betri (gamba la nje lenyewe linaachwa lijae maji, hilo nalo watu hawaamini). Ila usidharau mifuniko, ule wa upana wa sentimita 10 kwenye hicho kina unasukumwa na kama kilo 12. Panapovuja sana ni pale shafti ya propela inapotokea, na kwenye oringi, ule mpira wa duara wa kuzibia mfuniko, na oringi inashindwa kwa unywele mmoja tu uliolala juu yake. Mi nafanya kama fundi pancha, nachomeka pampu ya baiskeli kwenye kinipo cha kuingizia upepo kwenye bomba, napampu kidogo sana, natumbukiza kwenye karai naangalia povu. Ukikuta vipovu vidogo vinatoka kimojakimoja kwenye shafti usiseme "hiyo kidogo tu", badilisha sili inayoziba hapo. Silikoni ukishaijaza kila mahali siku ya kubadilisha betri utaikata kwa kisu.

"Signali ikikata inapanda yenyewe." Inapanda kama uliiseti iteme maji ikipoteza signali, au kama ni ile isiyo na tangi, inayozamishwa na mapezi ikiwa mwendoni, hiyo mota ikizima inaibuka yenyewe na kwa anayeanza ndo naishauri. Yangu ya kwanza sikuiseti, ikakaa chini ya bwawa la watu mpaka mtoto mmoja akaizamia kwa buku mbili.

Na huyu wa mwisho anasema kama imekubali kwenye bwawa basi twende nayo ufukweni Coco. Lita ya maji ya bahari ina gramu kama 1025, kwa hiyo ile ya lita 4 inapata gramu 100 za kuinuliwa zaidi, nusu ya tangi langu imeliwa kabla sijagusa rimoti, ndo maana chubwi za bahari naziweka mfuko wake. Redio ya chini ya maji huko sahau, natumia hiyohiyo 2.4 lakini antena imekaa kwenye boya dogo juu, inaungana na nyambizi kwa waya mwembamba wa koaksi (aina ya ule wa antena ya TV) wa mita 2. Inaonekana kama mbuzi wa kamba. Ukifika nyumbani ioshe na maji baridi siku hiyohiyo, beringi za mota hazisubiri kesho.