Biblia ya Washington si ya serikali

Barazani Kibokoni, kahawa chungu ikizunguka, hakosi mtu wa kusema kwamba marais wote wa Marekani huapa kwa Biblia moja, mali ya serikali. Sivyo.

Biblia aliyoapia George Washington, rais wa kwanza, New York, tarehe 30 Aprili 1789, ni ya St. John's Lodge No. 1, tawi la Freemason, chama cha udugu chenye siri zake, mjini humo. (Jina hilo hapa Mombasa huwafanya watu wateremshe sauti.) Inasimuliwa kuwa saa ya kiapo ilifika, Biblia haipo, ikakimbiliwa ya tawi hilo, lililokuwa jirani. Kwa haraka ile ikafunuliwa popote, ikaangukia Mwanzo, sura ya 49. Tangu hapo huazimwa tu, kama masufuria ya arusi, ila hii husafiri na wanachama wakiilinda njia nzima.

Walioiazima ni wachache: Harding 1921, Eisenhower 1953, Carter 1977, Bush baba 1989. Mwanawe aliitaka 2001, mvua ikazuia.

Wala katiba haidai Biblia. Theodore Roosevelt, 1901, aliapa bila kitabu chochote.