Tairi pana si tairi nene

Juzi kijana mmoja wa mtaani alinijia na baiskeli mpya, uso umemjaa furaha, akasema hatimaye amepata "tairi nene" za kupitia mchangani. Niliinama nikasoma namba ubavuni mwa tairi: 26 x 2.35. Ni baiskeli nzuri ya milima, fremu imara, gia zinaingia bila kusumbua. Lakini tulipofika pale mchanga mkavu unapoanzia, alishuka akaisukuma kama sisi wengine. Sidhani kama muuzaji alikusudia kumdanganya. Neno ndilo lililowapoteza wote wawili, na kwa kuwa nimeshaliona likiwapoteza wengi kabla yao, naona bora niliandike.

Baiskeli ambayo dunia inaiita fatbike ni ile yenye tairi la upana wa kuanzia inchi 3.8 hivi, mara nyingi 4 hadi 5, lililokaa juu ya rimu (ile duara ya gurudumu inayoshika tairi) ya milimita 65 hadi 100, na linaloendeshwa kwa upepo mdogo sana: pauni 5 hadi 15 kwa inchi ya mraba, ile psi inayoandikwa kwenye pampu. Baiskeli ya kawaida ya milima ina tairi la inchi 2.1 hadi 2.6 na upepo wa psi 20 hadi 35 hivi. Kati ya hizo mbili kuna tairi la inchi 2.8 au 3, ambalo watengenezaji huliita plus. Maana yenyewe inaishia hapo. Tabu iko kwenye jina.

Tuanze na kosa la wazi. Nimeona matangazo ya baiskeli hizi, yaliyotafsiriwa na mashine, yakisema "baiskeli ya tairi la mafuta", kwa kuwa fat kwa Kiingereza ni nene na pia ni mafuta. Msomaji wa Kiswahili akikutana na maneno hayo atadhani ni chombo cha kutia petroli. Hilo halihitaji maelezo marefu.

"Tairi nene" ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inaonekana sahihi. Kwa Kiswahili unene una sura mbili. Mti mnene ni mti wenye kiwiliwili kikubwa. Ukiukumbatia, mikono haikutani. Nguo nene ni nguo yenye kitambaa kizito. Haipitishi baridi na haichaniki ovyo. Sasa mtu akisikia tairi nene, ataliweka upande gani, wa mti au wa nguo? Wengi ninaozungumza nao huliweka upande wa nguo. Wanaelewa kwamba mpira wake ni mzito, haupati pancha, na utadumu miaka. Kumbe tairi zuri la aina hii lina ukuta mwembamba na laini makusudi, ili libonyee na kujilaza juu ya mchanga. Ukilitafuta lenye ukuta mgumu kwa kuogopa miiba, umeiondoa sababu ya kulinunua. Ndiyo maana mimi husema tairi pana. Upana hupimwa kwa rula, na hauna sura ya pili.

Mkanganyiko huu hatukuuanza sisi. Kwenye Kiingereza chenyewe neno limehama mara mbili. Miaka ya 1970, katika wilaya ya Marin kule California, vijana walikuwa wakiteremka Mlima Tamalpais kwa baiskeli nzito za zamani zenye tairi la inchi 2.125, aina ambayo kampuni ya baiskeli ya Schwinn ilianza kuitumia mwaka 1933. Wakati ule baiskeli ya mashindano ya barabarani ilikuwa na tairi jembamba kama kidole, kwa hiyo inchi mbili na kidogo zilikuwa unene wa kutosha kupewa jina. Charlie Kelly, mmoja wa waanzilishi wa mchezo huo, alianzisha jarida mwaka 1980 akaliita Fat Tire Flyer, na lilihusu baiskeli za milima. Kwa hiyo muuzaji anayeiita baiskeli yoyote ya milima tairi nene ana babu wa kumtetea. Amechelewa miaka arobaini tu.

Uhamaji wa kwanza ulitokea kwenye theluji. Mwaka 1987 yalifanyika Alaska mashindano ya baiskeli yaliyoitwa Iditabike, kwenye njia ya Iditarod inayojulikana kwa mbio za mbwa wanaovuta sleji. Waendeshaji walijikuta wakisukuma baiskeli zao masafa marefu kwa sababu tairi lilikuwa likizama. Fundi Simon Rakower wa mji wa Fairbanks alianza kutengeneza rimu pana, ya milimita 44, ili tairi lilelile likae likiwa limetanuka zaidi. Kusini kabisa, New Mexico, Ray Molina alikuwa na shida hiyohiyo upande wa mchanga, akatengeneza rimu za zaidi ya milimita 80 na tairi la inchi 3.5. Kazi za watu hawa zilikutana mwishoni mwa miaka ya 1990, na Mark Gronewald wa Alaska ndiye aliyeuza baiskeli zake kwa jina la FatBike. Mwaka 2005 kampuni ya Surly ya Minnesota ikatoa Pugsley, yenye tairi la inchi 3.7, na hapo mtu wa kawaida akaweza kuingia dukani akatoka nayo.

Uhamaji wa pili unaendelea sasa. Uholanzi ukitamka fatbike, watu wanawaza baiskeli ndogo ya umeme, gurudumu la inchi 20, inayoendeshwa na vijana kwenye njia za baiskeli za mjini. Tairi ni pana kweli, lakini inapita kwenye lami siku zote na hujazwa upepo mwingi kuliko ile ya theluji. Kazi yake ni nyingine kabisa.

Theluji na mchanga vilikuwa na tatizo moja, na hapo ndipo penye dhana yenyewe. Watu hudhani tairi pana halizami kwa sababu ni pana. Si hivyo. Chukua mwendeshaji na baiskeli yake, jumla kilo 100. Ukijaza psi 30, matairi mawili yatagusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 47 hivi, na hesabu hii haibadiliki sana yawe ya inchi mbili au ya inchi nne. Upepo ndio unaobeba uzito. Ukipunguza hadi psi 10, eneo linakuwa kama sentimita za mraba 140, karibu mkono mzima uliokunjuliwa na vidole vyake vyote, na hapo ndipo unaelea juu ya mchanga. Sasa jaribu psi 10 kwenye tairi la inchi mbili: ukigonga jiwe dogo rimu inafika chini, tyubu inabanwa na kutoboka. Tairi la inchi nne lina kina na nafasi ya kutosha kubonyea bila rimu kuguswa. Upana, basi, ni ruhusa ya kupunguza upepo. Usipoitumia ruhusa hiyo, umebeba mzigo wa bure.

Dereva wa gari la porini analijua jambo hili, awe Oman kwenye matuta ya mchanga au kwetu kwenye njia za kichanga: kabla ya kuingia, anatoa upepo. Ngamia naye hafanyi tofauti. Unyayo wake ni laini na hutanuka anapokanyaga, ilhali kwato ngumu ya punda hudidimia.

Kwa hiyo anayetaka kununua atazame mambo ambayo jina haliyasemi. Rimu iwe pana; tairi la inchi nne juu ya rimu nyembamba hulegea na kuyumba likipunguzwa upepo. Fremu na uma unaoshika gurudumu la mbele vilingane nalo, maana huwezi kuchukua fremu ya kawaida ukalazimisha gurudumu hili. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, huwa na upana wa milimita 170 hadi 197, wakati ya kawaida ni 135 hadi 148. Uliza pia tyubu yake inapatikana wapi, kabla hujatoa pesa. Uzito nao ni wa kweli: tairi moja tu laweza kufika kilo moja na nusu, na kwenye lami utausikia magotini.

Halafu nunua kipimo cha upepo kinachosoma namba ndogo. Mshale wa pampu ya kawaida inayofika psi 120 haukuambii kitu ukiwa kwenye 8, na kwenye baiskeli hii tofauti ya psi 1 inasikika. Anza na 10, shuka kidogokidogo mpaka gurudumu liache kuzama. Ukihisi usukani unavutwa upande kwenye ardhi ngumu, umeshuka mno. Ukirudi kutoka pwani, osha cheni kwa maji baridi ya bomba, ikaushe na uitie mafuta siku hiyohiyo. Chumvi haisubiri kesho.

Na si kila pwani inaidai. Jambiani au Paje, kule Unguja, maji yakipwa, mchanga mbichi unakuwa mgumu kiasi kwamba watu hupita na baiskeli zao za kawaida. Ni ule mchanga mkavu wa juu, karibu na minazi, unaomshusha kila mtu.

Yule kijana nilimwambia asiirudishe baiskeli yake. Tulitoa upepo mpaka psi 20, akapanda tena, akasogea mbali kuliko mwanzo kabla gurudumu la mbele halijazama. Akirudi lamini atajaza. Siku akienda dukani kutafuta ile nyingine, nimemwomba asiulizie tairi nene, aulize tairi ni inchi ngapi na rimu ni milimita ngapi.