Pango likilipa mkopo, nyumba bado haijajilipa

Wanaonunua nyumba ya kupangisha kwa mkopo huambiwa: "Pango likizidi rejesho la benki, umeshinda." Hesabu hiyo imewaumiza wengi, kwa sababu inahesabu kinachoingia na kusahau kinachotoka.

Chukua pango la 1,000 kwa mwezi na rejesho la 900. Kwenye karatasi unabaki na 1,200 kwa mwaka. Nyumba ikikaa mwezi mmoja tu bila mpangaji, unapokea 11,000 na kulipa benki 10,800. Zinabaki 200, na hapo hujagusa bima, kodi ya majengo, fundi bomba wala rangi. Paa likivuja, unatoa mfukoni.

Wakopeshaji wanalijua hili. Wengi hutaka pato la nyumba, baada ya kuondoa gharama za uendeshaji, liwe angalau mara 1.2 au 1.25 ya rejesho. Jipime hivyo hivyo kabla hujaenda kwao, na utumie pango linalolipwa kweli mtaani, si lile analotaja dalali.

Kuna na riba. Mkopo wa 100,000 wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 8 unadai takribani 836 kwa mwezi. Ikifika 10, ni 965, yaani ongezeko la zaidi ya asilimia 15, huku mpangaji akiendelea kulipa kilekile. Kama riba yako inabadilika, piga hesabu kwa kiwango cha juu kabla ya kusaini.