Dawa ya njia ya haja kubwa si ya watoto pekee

Hapa Mombasa wengi huamini kwamba dawa ya kutiwa njia ya haja kubwa ni ya watoto au ya mgonjwa asiyeweza kumeza, na kwamba tembe ndiyo tiba kamili. Kwa uvimbe sugu wa utumbo mpana wenye vidonda, sivyo. Ugonjwa ukiwa kwenye puru tu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, mesalazini (dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo) ya kutiwa huko ndiyo hutangulizwa, maana hufika penyewe na kwa kawaida huishinda ya kumeza. Enema, yaani dawa ya majimaji ya kutiwa njia hiyo, hupanda zaidi, hadi upande wa kushoto wa utumbo mpana. Utumbo mwembamba haufikiwi.

Inasikitisha mtu kuiacha dawa kabatini kwa aibu huku damu ikiendelea kutoka. Soma ripoti ya kipimo cha kamera uone uvimbe umefika wapi, kisha umuulize mfamasia faraghani.